Nchi Hushirikiana kwa Nini? Nadharia Tano za Kiliberali na Ipi Ikufae

Tarehe 12 Oktoba 2021, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilichora mpaka wa bahari kati ya Kenya na Somalia, kuanzia ufukweni kaskazini ya Kiunga hadi bahari kuu. Kenya, ambayo tangu Machi ilikuwa imeacha kushiriki katika kesi, ikatangaza kwamba haiutambui uamuzi huo. Desemba ya mwaka uliotangulia Mogadishu ilikuwa imevunja uhusiano wa kibalozi na Nairobi, ukaja kurejeshwa miezi kadhaa baadaye. Mtu angetarajia majirani hawa wanuniane miaka na miaka. Lakini Novemba 2023, katika kikao cha Arusha, wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, Kenya ikiwamo, waliikubalia Somalia uanachama, na kufika Machi 2024 ikawa mwanachama kamili.

Mambo hayo mawili yanakaaje pamoja? Uliberali katika uhusiano wa kimataifa una majibu yasiyopungua matano, na hapo ndipo wengi wanapokwama. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Pwani anayetafuta kiunzi cha nadharia kwa tasnifu yake, mwandishi wa redio ya mtaa anayeandaa kipindi cha bandari, kiongozi wa BMU, yaani kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo, anayetaka kujua kwa nini mkutano wa Ushelisheli unamhusu: wote huambiwa "tumia uliberali", kana kwamba ni kitu kimoja. Nadharia hizi zinakubaliana kwamba nchi zinaweza kushirikiana kwa muda mrefu pasipo serikali ya dunia ya kuzilazimisha. Baada ya hapo kila moja hushika njia yake.

Uhalisia, ile nadharia inayosema mwenye nguvu ndiye mwamuzi, sitauweka kwenye ulinganisho huu. Lakini kila anayetumia uliberali ajue kwamba mtahini wake atamuuliza habari zake.

Vigezo

Nazipima zote kwa maswali yale yale. Mhusika mkuu ni nani: dola, wafanyabiashara, wapiga kura, wataalamu, au makundi ya ndani ya nchi? Nini kinachosukuma ushirikiano? Ushirikiano ukivunjika, nadharia ina maelezo gani? Ushahidi wake ni wa aina gani, na unafikika ukiwa Malindi au Lamu? Na mwisho, inamfaa nani?

Swali la ushahidi ndilo linalopuuzwa kuliko yote. Nimeona vijana wazuri wakichukua nadharia kwa sababu inasomeka vizuri, kisha wanagundua kwamba ushahidi wake umo ndani ya mafaili ya wizara ambayo hawataruhusiwa kuyafungua. Anza na unachoweza kukipata.

1. Utaasisi wa kiliberali

*Mhusika.* Dola yenyewe, ikiangalia maslahi yake. Robert Keohane, katika kitabu chake cha 1984, aliwakubalia wahalisia kwamba hakuna serikali juu ya serikali na kwamba nchi hazifanyiani hisani. Alichokataa ni kwamba kwa hiyo ushirikiano hauwezekani.

*Kinachosukuma.* Kizuizi kikubwa, kwa hesabu yake, ni hofu ya kupunjwa: nikitimiza yangu, wewe usipotimiza yako, nimepoteza. Taasisi hupunguza hofu hiyo kwa kuleta taarifa, kuweka kanuni zinazojulikana na kuhakikisha kwamba mtakutana tena. Akina mama wanaocheza upatu wanalijua jambo hili kwa vitendo. Anayepokea wa kwanza akaacha kuchanga hajulikani kwa mwenzake mmoja tu, anajulikana kwa wote, na mzunguko ujao hana nafasi. Robert Axelrod alilionyesha kwa mashindano ya programu za kompyuta, ambapo kila raundi programu huchagua kushirikiana na mwenzake au kumsaliti: iliyoshinda, kazi ya Anatol Rapoport, ilianza kwa kushirikiana, kisha kila mara ikamtendea mwenzake kama alivyotendewa raundi iliyotangulia.

Kwetu mfano ulio wazi kuliko yote ni jodari. Samaki huyu hana uraia. Leo yuko maji ya Kenya, kesho ya Somalia, keshokutwa ya Ushelisheli, na meli za Ulaya na Asia zinamfuata kokote. Kila nchi ikivua kadiri ya uwezo wake, samaki anakwisha. Kwa hiyo iko Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, makao yake Victoria, na mkataba wake unafanya kazi tangu 1996. Asubuhi mashua zikirudi Malindi, kijana wa kukusanya takwimu husimama pale na mizani na daftari. Samaki akishushwa, anaandika aina yake, kilo zake, chombo kilichomleta na zana iliyomvua, mshipi au jarife. Takwimu za namna hiyo hupanda ngazi hadi zikawa ripoti ya Kenya mbele ya Tume. Nchi isiyo na daftari haina hoja inapodai fungu lake la samaki. Ukitaka kujua Keohane alimaanisha nini aliposema taasisi huzalisha taarifa, mtazame yule kijana anavyogombana na mvuvi mwenye haraka ya kuuza.

*Panapovunjika.* Nadharia inatazama udhaifu wa taasisi yenyewe. Februari 2023, kikao maalumu cha Tume kilichofanyika Mombasa kilipitisha azimio la kudhibiti maboya yanayoelea ya kukusanya samaki, likiwamo la kuyasimamisha siku 72 kwa mwaka. Kanuni za Tume zinamruhusu mwanachama kuweka pingamizi, na aliyeweka hafungwi na azimio. Umoja wa Ulaya uliweka, na wengine pia. Mtaasisi atasema: hiyo ndiyo kasoro, mlango wa kutokea ni mpana mno. Joseph Grieco, mkosoaji wake wa 1988, angejibu kwamba tatizo liko ndani zaidi. Nchi haziulizi tu "nitapata?" Zinauliza pia "mwenzangu atanizidi kwa kiasi gani?"

*Ushahidi.* Mikataba, maazimio, ripoti za vikao, hukumu. Sehemu kubwa iko wazi mtandaoni. Hukumu ya Kenya na Somalia yote inasomeka, pamoja na ile ya Februari 2017 iliyotupa pingamizi la Kenya kuhusu mamlaka ya mahakama.

*Inamfaa* mwenye swali la "kanuni hii inafanya kazi au haifanyi?" Haimfai anayetaka kujua kanuni hiyo ilitungwa kwa faida ya nani.

2. Kutegemeana

*Mhusika.* Si dola peke yake. Wenye meli, wanunuzi, mashirika, hata koo zilizokatwa na mpaka. Keohane huyo huyo, pamoja na Joseph Nye, waliandika 1977 kwamba nchi zimeunganishwa na njia nyingi kwa mpigo, na balozi ni njia mojawapo tu. Wabajuni hawahitaji kufundishwa hilo. Jamaa zao wako Kiunga, Ras Kamboni na Kismayu, na mawasiliano hayo yana umri mkubwa kuliko Kenya na Somalia zote mbili.

*Kinachosukuma.* Gharama ya kukosana. Norman Angell alidai kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia kwamba uchumi wa Ulaya umefungamana kiasi kwamba mshindi wa vita naye angepata hasara. Wengi humcheka kwa sababu vita vilikuja 1914, lakini hakusema vita haviwezekani. Alisema havina faida, na miaka minne iliyofuata haikumkanusha. Alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani ya 1933.

Keohane na Nye waliongeza jambo ambalo ndilo ningependa msomaji alishike: kutegemeana si usawa. Wote wawili mnaweza kuguswa na mgogoro, lakini anayeumia kwa muda mrefu ni yule asiye na njia mbadala. Tazama Sudan Kusini. Ilipata uhuru Julai 2011 ikiwa na mafuta, ila bomba la kuyapeleka baharini linapita Sudan. Walipogombana juu ya ada ya kupitisha mafuta, Januari 2012 Juba ikafunga visima vyake yenyewe. Wiki chache baadaye, tarehe 2 Machi 2012, Mwai Kibaki wa Kenya, Salva Kiir wa Sudan Kusini na Meles Zenawi wa Ethiopia walikuwa Lamu wakizindua mradi wa LAPSSET: bandari, barabara, reli na bomba. Kwa Juba, Lamu ilikuwa njia mbadala ya kumtoka Khartoum.

Gati ya kwanza ilifunguliwa Mei 2021. Bomba la Sudan Kusini halijajengwa. Uganda nayo, baada ya kuzungumza na Kenya kuhusu njia ya Lamu, mwaka 2016 iliamua kupitisha mafuta yake Tanga. Biashara huunganisha, na biashara hiyo hiyo humpa mtu sababu ya kwenda kwa jirani mwingine.

*Panapovunjika.* Nadharia inauliza nani aliweza kuvumilia zaidi. Somalia ilipozuia miraa ya Kenya kuanzia Machi 2020, walioumia ni wakulima na wachukuzi wa Meru, na biashara haikurudi hadi Julai 2022, Rais Hassan Sheikh Mohamud alipokwisha kurudi madarakani. Udhaifu wa nadharia ni usalama. Mpaka wa nchi kavu ulifungwa 2011; Mei 2023 serikali mbili zilitangaza kuufungua kwa awamu, Kiunga na Ras Kamboni zikiwamo; Julai, baada ya mashambulizi, Kenya ikaahirisha. Hakuna aliyekana faida ya biashara. Hofu ilishinda.

*Ushahidi.* Takwimu za biashara, bei, shehena, na zaidi ya yote mahojiano na watu. Kwa mtafiti aliyeko Lamu hii ni fursa kubwa, maana wenye habari ni jirani zake.

*Inamfaa* anayechunguza miradi ya pamoja, vikwazo vya biashara, au maisha ya mpakani. Haitoshi peke yake kama bunduki zimo ndani ya hadithi.

3. Amani ya kidemokrasia

Hii nitaipitia kwa ufupi, kwa kuwa kwa maswali ya pwani yetu ina mavuno machache, japo ndiyo inayosikika zaidi hotubani.

*Mhusika* ni raia na katiba yao. *Kinachosukuma*, alivyoandika Immanuel Kant 1795, ni kwamba watu watakaolipa gharama ya vita kwa damu na mali, wakiulizwa, watasita. Michael Doyle aliifufua hoja hiyo 1983 kwa kuonyesha kwamba nchi za kiliberali hazina desturi ya kupigana zenyewe kwa zenyewe, ingawa hupigana na nyingine bila kusita. Kwa upande wa ushirikiano hoja ni ya uaminifu: ahadi iliyopita bungeni na inayoweza kupelekwa mahakamani haibatilishwi kwa urahisi. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 2(6), inaufanya mkataba ulioridhiwa kuwa sehemu ya sheria za nchi.

*Panapovunjika* ina shida. Kenya na Tanzania zilikaa miaka mingi chini ya chama kimoja kimoja, zikafungiana mpaka, zikatupiana maneno makali, wala hazikupigana. Amani hiyo haikuletwa na uchaguzi wa ushindani, kwa kuwa haukuwapo. Nao Edward Mansfield na Jack Snyder walionya 1995 kwamba nchi iliyo katikati ya safari ya kuelekea demokrasia inaweza kuwa na hatari zaidi kuliko iliyotulia upande wowote.

*Ushahidi* ni kumbukumbu za bunge, katiba, na orodha za vita zinazohitaji nchi nyingi ili kulinganisha. *Inamfaa* anayefanya utafiti wa takwimu za nchi nyingi, au anayetaka kujua ridhaa ya bunge inabadili nini katika mkataba. Kwa mgogoro mmoja wa majirani wawili, fikiri mara mbili.

4. Uamilifu

*Mhusika.* Mtaalamu: mhandisi, posta, daktari, nahodha. David Mitrany, mwaka 1943, vita vikiwa bado vinawaka, alipendekeza kwamba badala ya kuota serikali ya dunia, nchi zianze na kazi moja moja zisizo na mvutano wa kisiasa, kama usafiri, afya na mawasiliano. Ernst Haas, 1958, akaiboresha kwa kutazama Ulaya: nchi sita zilizoweka makaa ya mawe na chuma chini ya mamlaka moja kwa mkataba wa 1951 zilijikuta zikilazimika kuunganisha mengine pia, kwa sababu kazi moja huvuta nyingine.

*Kinachosukuma* ni mahitaji ya kazi yenyewe. Hapa Malindi ina mfano ambao watu wa nje hawaujui. Kule Ngomeni, Waitaliano, kwa makubaliano na Kenya, walisimamisha majukwaa baharini ya kurushia setilaiti, kwa kuwa karibu na ikweta roketi husaidiwa na mzunguko wa dunia. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka pale, ilirushwa setilaiti ya Wamarekani kwa roketi ya Wamarekani, wakirusha Waitaliano, katika maji ya Kenya. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengwa kwa ajili ya kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka angani, na kwa kuwa ilipaa siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya ikapewa jina la Uhuru. Nchi tatu, kazi moja, katikati ya Vita Baridi. Mitrany angefurahi.

Je, kazi hiyo ilivuta nyingine, kama alivyotarajia Haas? Kidogo sana. Urushaji ulikoma 1988, kituo kikabaki na kazi ya kufuatilia setilaiti, na mazungumzo kati ya serikali mbili yakawa juu ya Kenya inapata nini. Kenya ilipata shirika lake la anga 2017, takriban nusu karne baada ya roketi za kwanza. Mtu wa Ngomeni akikuuliza jukwaa lile lilimletea nini, uamilifu hauna jibu zuri la kumpa, na hilo nalihesabu kuwa pengo kubwa.

*Panapovunjika.* Mtihani mgumu ni Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki, 1967 hadi 1977. Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa na reli moja, bandari chini ya shirika moja, posta moja, ndege moja. Kama kazi za pamoja zinaleta umoja, huu ulipaswa kuwa umoja usiovunjika. Lakini Mwalimu Nyerere hakukubali kukaa meza moja na Idi Amin baada ya mapinduzi ya 1971, Tanzania na Uganda zililalamika kwamba faida inaegemea Nairobi, na Kenya na Tanzania zilikuwa zimeshika njia mbili tofauti za uchumi. Mwaka 1977 shirika la ndege lilikufa, Tanzania ikafunga mpaka, Jumuiya ikazikwa. Kugawana mali zake kulichukua hadi 1984. Mtetezi wa uamilifu atasema siasa iliingizwa mapema mno. Nami naona siasa ilikuwamo tangu siku ya kwanza, maana kuamua karakana ya reli ikae mji gani ni siasa tupu.

*Ushahidi* ni nyaraka za mashirika na kumbukumbu za wastaafu. Wazee waliofanya kazi reli, posta na bandari wapo Pwani nzima, na wanasimulia. Wahi.

*Inamfaa* anayechunguza ushirikiano wa kitaalamu: utabiri wa hali ya hewa, uokoaji baharini, uhifadhi wa kasa na matumbawe, kodi za forodha.

5. Matakwa ya ndani

*Mhusika.* Makundi ndani ya nchi. Andrew Moravcsik, 1997, alisema dola haizaliwi na matakwa. Hubeba matakwa ya waliofanikiwa kuishika. Robert Putnam alikuwa amesema tangu 1988 kwamba kiongozi kwenye mazungumzo ya kimataifa anacheza meza mbili kwa wakati mmoja, ya wageni mbele yake na ya nyumbani nyuma yake.

*Kinachosukuma.* Ushirikiano hutokea pale matakwa ya nyumbani mwa huyu yanapokutana na ya nyumbani mwa yule. Mfano mzuri sana kwa Afrika Mashariki ni mkataba wa ushirikiano wa kiuchumi na Umoja wa Ulaya. Mazungumzo yalikamilika Oktoba 2014. Septemba 2016 Kenya na Rwanda zikasaini. Tanzania ikakataa, kwa hoja ya kulinda viwanda vyake vichanga. Mwishowe Kenya ilisaini peke yake Desemba 2023, na mkataba ukaanza kazi tarehe 1 Julai 2024.

Kwa nini wanajumuiya hawa walitofautiana? Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi zimo katika kundi la nchi zenye maendeleo duni zaidi, na bidhaa zao huingia Ulaya bila ushuru, mkataba uwepo usiwepo. Kenya haimo. Mkataba ulipochelewa, kati ya Oktoba na Desemba 2014 maua ya Kenya yalitozwa ushuru, na wenye mashamba wakapiga kelele iliyosikika Nairobi. Tanzania haikuwa na kundi la namna hiyo linaloumia. Taasisi ni ile ile moja, Jumuiya moja, ila nyumbani kwa kila mmoja sauti ni tofauti. Utaasisi peke yake hauwezi kukueleza hili.

Sasa rudi Lamu. Bandari ilikubaliwa na viongozi watatu wa nchi. Wavuvi waliokuwa wakivua pale ilipochimbwa njia ya meli hawakuwa mezani. Walikwenda mahakamani, na 2018 Mahakama Kuu ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Mwaka uliofuata, Juni 2019, baraza la rufaa la mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Lamu, sehemu ya mtaji wake ikitoka nje, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Makundi yaliyodhaniwa hayana nguvu yalibadili ambacho serikali ingeweza kuahidi kwa wageni. Kwa maswali yanayoihusu Lamu yenyewe, nadharia hii ndiyo inayonivuta zaidi, kwa sababu inamwona mvuvi wa Kizingitini kuwa mhusika na si mandhari.

*Panapovunjika.* Inasema kundi lililoshika serikali limebadilika au limebadili nia. Udhaifu wake ni kwamba matakwa ya kweli ni vigumu kuyajua. Mtu husema hili hadharani na kutaka lile faraghani. Tena huelekea kusahau kwamba nchi ndogo hushinikizwa na wakubwa kutoka nje, na shinikizo hilo halitoki kwa mpiga kura wala mkulima wake.

*Ushahidi.* Taarifa za vyama vya wazalishaji, hukumu, mijadala ya bunge, maoni ya wananchi kwenye vikao vya tathmini ya mazingira, na mahojiano. Kazi ni nyingi, lakini inafanyika kwa miguu.

*Inamfaa* anayeuliza nani alipata na nani alikosa.

Ukiwa katika hali hii

Ikiwa mada yako ni mpaka wa bahari na Somalia, na una muda wa kusoma hukumu, shika utaasisi. Uliza kwa nini nchi iliyokataa hukumu haikupeleka manowari, na kwa nini ilikubali kukaa na mdai wake katika Jumuiya moja. Lakini usiache kuandika kwamba jeshi la Kenya lilikuwa ndani ya Somalia tangu Oktoba 2011 likipigana na adui wa serikali zote mbili. Adui wa pamoja ni maelezo ambayo wahalisia watakuletea, na afadhali uyatangulie.

Mada ikiwa LAPSSET, amua kwanza unauliza nini. "Kwa nini Juba na Addis Ababa zilikuja Lamu?" ni swali la kutegemeana. "Kwa nini mradi umechukua sura hii na si ile?" ni la matakwa ya ndani. Ukiyachanganya bila kusema, sura ya tatu itapingana na ya nne.

Mada ikiwa samaki, matumbawe au kasa, utaasisi na uamilifu zote zinafaa, na tofauti ni hii: ikiwa nchi zinagombea kitu kinachopungua, kama jodari, chukua utaasisi, ikiwa hakuna anayepoteza mwenzake akipata, kama taarifa za dhoruba, uamilifu unatosha na ni mwepesi.

Kama wewe si mwanafunzi, bali unaandaa kipindi cha redio au unawakilisha wavuvi wenzako kwenye kikao cha kaunti, huhitaji kiunzi cha nadharia. Chukua maswali mawili: lile la Keohane na Nye, nani hana njia mbadala hapa? Na lile la Moravcsik, serikali inabeba matakwa ya nani? Ukiingia nayo mkutanoni utaelewa mengi ambayo hayakuandikwa kwenye ajenda.

Na ukiwa na wiki chache, huna nauli ya Nairobi, na msimamizi anataka pendekezo la utafiti kesho kutwa: chagua mkataba mmoja, pakua maandishi yake na kumbukumbu za bunge za siku ulipojadiliwa, kisha tafuta watu sita ambao maisha yao uliyagusa, watatu walionufaika na watatu walioumia. Zungumza nao kabla hujaandika jina la nadharia yoyote kwenye ukurasa wa kwanza.